Musalaba na nembo juu ya jiwe moja: Wareno walikuja kutafuta nini ku Kongo?



Jumamosi ile, kisha mukutano wetu, mabishano ilizuka na ikabakia kidogo tu watu wakosane. Mwenzetu mumoja alisema: "Wazungu walitudanganya na Biblia. Dini ilikuwa nguo ya kuvaa tu, ndani yake kulikuwa pesa." Mwingine akasimama, akajibu kwamba hapana, wale wa kwanza walikuja na imani ya kweli, pesa njo iliingia nyuma na kuharibu kazi. Kila mutu alipigiwa makofi na watu wa upande wake. Mimi nilinyamaza. Siyo juu ya busara, ni juu sikukuwa na jibu. Baba mudogo wangu ni katekista tangu mbele nizaliwe, na mimi mwenyewe niko na jina la ubatizo ku diploma yangu. Kama yule wa kwanza iko na haki, basi siye wote tuko wajinga wa miaka mia tano. Kama yule wa pili iko na haki, namna gani watu wa imani ya kweli waliuza wakristo wenzao?

Njo nikarudilia kusoma. Hapa nachukua mufano mumoja tu: Wareno na ufalme wa Kongo. Nachagua ule juu Wareno njo Wazungu wa kwanza kufika ku mudomo wa mto wetu, na tena juu barua za pande zote mbili zimebakia. Hatuhitaji kubahatisha walifikiri nini. Waliandika.

1. Sababu tano za mwana wa mufalme

Hadithi inaanzia mbali na siye: Ceuta, muji wa Waislamu ku pwani ya Afrika ya kaskazini. Tarehe 21/8/1415, mufalme João wa Kwanza wa Ureno aliuteka pamoja na wana wake. Mumoja wao, Henrique, alikuwa na miaka 21. Wareno walikuwa wamepigana na Waislamu ndani ya inchi yao wenyewe kwa karne nyingi. Sasa vita vilivuka bahari.

Lakini Ceuta haikukuwa tu muji wa adui wa imani. Pale njo dhahabu ya kusini ya Sahara ilikuwa inafika na misafara ya ngamia. Kisha Wareno kuuteka, wafanya biashara wakageuza njia, dhahabu ikaenda miji ingine. Wareno wakabakia na kuta za kulinda na askari wa kulipa. Basi wazo likakuja: kama jangwa limefungwa, tupite ku bahari, tuwazunguke Waislamu kwa nyuma.

Mwaka 1420 Henrique alipewa usimamizi wa Shirika la Kristo. Lilikuwa shirika la mashujaa wa vita waliofungwa na viapo vya dini, na lilirithi mali ya Watemplari mu Ureno. Mali ya shirika hilo ilisaidia kulipia safari. Angalieni vizuri: mufuko ule ule ulikuwa wa dini, wa vita, na wa ukoo wa mufalme. Mwaka 1434 mutu wake, Gil Eanes, alipita rasi ya Bojador, mahali mabaharia waliogopa kuvuka, na kuanzia pale mashua ziliendelea kushuka kusini.

Mwandishi mumoja wa wakati ule, Gomes Eanes de Zurara, alijiuliza swali letu la Jumamosi: Henrique alitafuta nini? Anatoa sababu tano. Moja, kujua kuko nini ngambo ya Bojador. Mbili, kuona kama kuko wakristo kule ambao wanaweza kufanya nao biashara. Tatu, kupima nguvu ya Waislamu inafika mupaka wapi. Ine, kutafuta mufalme mukristo wa kusaidia mu vita. Tano, kuokoa roho za watu. Kisha anaongeza ya sita: nyota za kuzaliwa kwake zilimusukuma.

Ile sababu ya ine isitushangaze. Tangu karne ya 12, barua moja ilikuwa inatembea Ulaya, eti imeandikwa na Padri Yohana, padri na mufalme tajiri wa mashariki. Barua ilikuwa ya uongo, lakini watu waliiamini. Kidogo kidogo wakamuweka Padri Yohana mu Etiopia, na Etiopia kweli ilikuwa na wafalme wakristo. Kwa hiyo kutafuta njia ya Afrika ilikuwa pia kutafuta askari wa kushambulia Waislamu kutoka upande wa pili.

Mimi kilichonishika mu orodha hii ni kitu kimoja: Zurara hakuona kwamba sababu zake zinapingana. Kwake biashara, vita na roho vilitembea pamoja, sawa vidole vya mukono mumoja. Siye leo njo tunakuja na kisu kuvitenganisha.

Lakini soma ukurasa wake wa mwaka 1444. Tarehe 8 mwezi wa 8, watu 235 walishushwa mu muji wa Lagos, kusini ya Ureno, wamekamatwa ku pwani ya Afrika. Waligawanywa mu uwanja: baba upande huu, muke upande ule, watoto pengine. Zurara anaandika ginsi mama walijilaza chini juu ya watoto wao ili wasitenganishwe, na anakubali kwamba yeye mwenyewe ilimuumiza. Henrique alikuwa pale juu ya farasi, na sehemu moja ya tano ilikuwa yake: watu 46. Zurara anasema furaha yake kubwa ilikuwa kufikiria zile roho ambazo zingepotea na sasa zitaokolewa.

Je, alikuwa anadanganya? Minafikiri hapana, na pale njo hatari iko. Mutu anayejua kwamba anaiba anaweza kuona haya siku moja. Lakini mutu anayeamini kwamba kukuuza ni kukuokoa, haya itamukuta wapi?

2. Karatasi za Papa

Imani ya mutu mumoja haitoshi kuchukua dunia. Inahitaji karatasi. Siye tuliosoma mu Kongo tunajua nguvu ya karatasi yenye muhuri.

Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimuandikia mufalme Afonso wa Tano wa Ureno barua rasmi, akamupa ruhusa ya kushambulia Waislamu na wapagani, kuchukua inchi na mali yao, na kuwatia mu utumwa wa milele. Mwaka 1453 Waturuki waliteka Constantinople, Ulaya yote ya wakristo ikatetemeka. Mwaka 1455 Papa yule yule akaandika barua ingine, akakubali kwamba safari na biashara ya pwani ya Afrika kushuka kusini ni mali ya Ureno peke yake. Mukristo mwingine akienda kule bila ruhusa ya mufalme wa Ureno, adhabu yake ni kutengwa na Kanisa.

Tafuteni nani barua ile ilimutisha. Waafrika hawakuisoma. Waislamu hawakuogopa kutengwa na Kanisa. Ilimutisha mukristo mwenzake: mufalme wa Castile, jirani na mushindani. Kumbe karatasi ya dini ilifanya kazi ya siasa: kufunga soko. Papa alitafuta mufalme wa kupigana na Waislamu na kueneza imani, mufalme alitafuta haki ya kukataza wengine. Kila mutu alipata chake.

Kisha mambo iliendelea kwa njia hiyo. Mwaka 1479, mu mapatano ya Alcáçovas, Castile ikakubali kwamba Guinea ni ya Ureno. Mwaka 1493, Columbus alipokuwa amerudi kutoka safari yake ya kwanza, Papa Aleksanda wa Sita akatoa barua za kusaidia Castile. Mwaka 1494, ku Tordesillas, wafalme wawili wakakata mustari mu bahari, liki 370 ku magharibi ya visiwa vya Cabo Verde: huku kwako, kule kwangu. Watu waliokuwa wanaishi huku na kule hawakuulizwa.

3. Jiwe ku mudomo wa mto

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1482 mufalme João wa Pili alimutuma Diogo Cão ashuke kusini kupita wote waliomutangulia. Mbele yake, mabaharia walikuwa wanasimika misalaba ya mbao, na mbao zinaoza. João alimupa Cão nguzo za mawe, zinaitwa padrão, zilizochongwa Ureno na kupakiwa ndani ya mashua. Ku kichwa kuko musalaba. Chini ya musalaba kuko nembo ya mufalme na maandishi.

Nguzo ya kwanza aliisimika ku mudomo wa mto wetu, upande wa kusini ambao leo ni Angola. Ya ingine, aliyoisimika mu safari ya pili ku Cape Cross, mu Namibia ya leo, imechongwa tarehe mbili: miaka 6685 tangu Mungu kuumba dunia, na miaka 1485 tangu Kristo kuzaliwa. Kisha inasema mufalme João aliamuru inchi hii ivumbuliwe na Diogo Cão, mutu wa nyumba yake. Mungu, Kristo, mufalme, muteule: wote ku jiwe moja, na sentensi moja. Ukiuliza kama jiwe lile ni la dini ao la serikali, umeuliza swali lisilo na jibu. Lilichongwa makusudi kuwa vyote viwili. (Jiwe lenyewe Wajerumani walilingoa mwaka 1893 na kulipeleka kwao. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Berlin lilitangaza kulirudisha Namibia.)

Cão aliuliza jina la mto. Watu walimujibu kwa Kikongo neno lenye maana ya mto tu, nzadi ao nzere. Wareno wakasikia "Zaire". Wazazi wetu watakumbuka: mwaka 1971 inchi ilipewa jina Zaire juu ya kurudilia asili, na mwaka 1972 majina ya ubatizo yakakatazwa. Kumbe jina lenyewe la asili lilikuwa neno la Kikongo lililotafunwa ndani ya kinywa cha Wareno. Mambo ya historia haitoki ku nguo kwa kufua mara moja.

Kisha kuna jambo moja ambalo wengi hatujui. Cão alituma wajumbe kwa mufalme wa Kongo, wakachelewa kurudi. Basi akakamata watu wa Kongo waliokuja ku mashua, akaenda nao Lisbon, akaacha ahadi ya kuwarudisha. Kule walitunzwa vizuri, wakafundishwa lugha na dini. Mu safari ya pili aliwarudisha kweli, na wao njo wakawa wakalimani wa kwanza. Utekaji na katekisimu ndani ya mashua moja.

Safari ile ya pili mashua zilipanda mto mupaka ku maporomoko ya Yellala, juu ya Matadi, mahali hakuna chombo kinaweza kupita. Pale walichonga mu mwamba musalaba, nembo ya Ureno, na majina yao. Inaonekana mupaka leo. Walitumaini mto utawafikisha ndani kabisa ya Afrika, pengine kwa Padri Yohana. Mawe ya Yellala yakasema hapana.

4. Kongo pia ilikuwa na sababu zake

Mara mingi tunasimulia kama vile babu zetu walisimama tu na kutazama. Siyo kweli. Mufalme Nzinga a Nkuwu alikuwa na ufalme wenye jimbo nyingi, kodi, na makao makubwa ku Mbanza Kongo. Tarehe 3/5/1491 alibatizwa, akaitwa João, sawa mufalme wa Ureno. Wakati ule alikuwa anajitayarisha kwenda ku vita na waasi, na Wareno walimusaidia na silaha zao na bendera yenye musalaba. Basi yeye pia alikuwa na imani na siasa mu kikapu kimoja. Kisha miaka michache akaachana na dini mpya. Mapadri walitaka afukuze wake zake, na kila muke alikuwa kamba inayomufunga na ukoo mukubwa wa ufalme. Kufukuza wake ilikuwa kuvunja serikali.

Mutoto wake, Mvemba a Nzinga, aliyebatizwa Afonso, hakuiacha. Baba alipokufa, alipigana na ndugu yake juu ya kiti, akashinda, na akasema Mutakatifu Yakobo njo alimusaidia. Mutu anaweza kusema aliitumia dini kupata kiti. Lakini alitawala miaka zaidi ya 30, na imani yake haikuchoka. Mwaka 1516 padri mumoja, Rui de Aguiar, aliandika Ureno kwamba mufalme huyu anasoma mupaka usingizi unamukuta juu ya vitabu, anasahau hata kula. Wanafunzi wenzangu, huyu ni mutu wetu! Alifungua shule, alituma vijana kusoma Lisbon. Mutoto wake Henrique alifanywa askofu na Papa Leo wa Kumi mwaka 1518. Kisha yeye, iliwezekana kungoja mupaka mwaka 1939, wakati Joseph Kiwanuka wa Uganda alipowekwa askofu, kuona tena Muafrika mweusi wa namna hiyo mu Kanisa la Kilatini.

5. Siku sababu zinagombana

Hapa njo nilipata jibu langu, ao kipande chake.

Wakati sababu zote zinaenda njia moja, hauwezi kujua gani njo inaongoza. Padri, mufanya biashara na mujumbe wa mufalme wanapanda mashua moja, kila mutu anatabasamu. Ukitaka kujua nani anashika usukani, ngoja siku wanagombana.

Mwaka 1512 mufalme Manuel wa Ureno alimuandikia mujumbe wake, Simão da Silva, maagizo ya kwenda nayo kwa Afonso. Ndani kuko mambo mazuri: kufundisha imani, kusaidia hukumu, kuheshimu mufalme wa Kongo kama ndugu. Afonso alitumiwa hata nembo yake mwenyewe, sawa wafalme wa Ulaya. Lakini ndani ya maagizo yale yale, mujumbe anaambiwa amuelezee Afonso kwa upole kwamba safari imegharimu mingi, na haingefaa mashua zirudi bila kitu. Zijazwe: watumwa, shaba, pembe za ndovu. Eti kazi ya Mungu njo ya kwanza, lakini deni la mashua liko.

Mwaka 1514 Afonso anaandika kwa uchungu: mapadri waliotumwa wengine wanaishi na wanawake, wengine wananunua watumwa. Anaomba watu wa kufundisha, anapata wachuuzi wenye kanzu.

Mwaka 1526 anaandika tena, kwa mufalme João wa Tatu. Wafanya biashara wanakamata watu kila siku, wana wa inchi, wana wa wakubwa wake, hata wa jamaa yake mwenyewe, na inchi inabaki bila watu. Anasema mu ufalme wake hatuhitaji kutoka Ureno kitu kingine isipokuwa mapadri, walimu wa shule, na divai na unga wa misa. Soma sentensi hiyo polepole. Afonso anashika Wareno kwa neno lao. Mulisema mulikuja juu ya imani? Vizuri. Leteni imani, mubaki na bidhaa zenu.

Ilikuwa mutihani, na mutihani ulikuwa wazi. Kama dini njo ingekuwa usukani, jibu lingekuwa "ndiyo, ndugu yetu." Lakini São Tomé ilikuwa inangojea watumwa, wafanya biashara walikuwa wanangojea faida, na hazina ya Lisbon ilikuwa inangojea kodi yake. Biashara haikusimama. Mwaka ule ule Afonso akalegeza, akaweka watu watatu wa kuhakikisha kwamba anayeuzwa ni mufungwa wa vita kweli, siyo mutoto wa inchi aliyeibiwa.

Na hapa nisiwadanganye: Afonso hakukuwa mupinzani wa utumwa. Kongo ilikuwa na watumwa mbele ya Wareno, na yeye mwenyewe aliuza wafungwa wa vita. Alilia wakati moto ulifika ku nyumba yake. Basi mutihani ule ule unamuhusu yeye pia: imani yake ilikuwa ya kweli, lakini ilisimama ku mupaka wa watu wake. Nilisikia vibaya kuandika sentensi hii, juu ninamupenda Afonso. Lakini kama tunapima Wareno na mizani, tusiifiche wakati zamu yetu inafika.

6. Muislamu rafiki, mukristo adui

Mutu atasema mufano mumoja hautoshi. Tuangalie upande wa mashariki, ku pwani ambako Kiswahili hiki tunachoandika kilizaliwa. Vasco da Gama alitoka Lisbon mwaka 1497. Mwaka 1498 alipofika Calicut, mu India, mutu wake wa kwanza kushuka aliulizwa na Watunisi wawili wanatafuta nini mbali vile. Alijibu: wakristo na viungo. Walitaka wakristo sana, mupaka wakaingia hekalu la Wahindu na kuomba ndani, wakifikiri ni kanisa.

Lakini nani aliwasaidia kufika kule? Sultani wa Malindi, Muislamu. Alikuwa na uhasama na Mombasa, akaona mashua hizi zitamufaa, akawapatia mwenye kujua njia ya bahari mupaka India. Wareno, waliokuwa wameapa kupigana na Waislamu, wakamukumbatia. Ku Kilwa na Mombasa mambo ilikuwa ingine: mwaka 1505 miji yote miwili ilishambuliwa na Francisco de Almeida, na Mombasa ikachomwa. Waislamu wa Malindi na Waislamu wa Mombasa walisali sala moja. Kilichotofautisha ni siasa na bandari.

Sasa rudi Kongo. Tarehe 29/10/1665, ku Mbwila, jeshi la Wareno wa Luanda lilipigana na jeshi la mufalme António wa Kwanza wa Kongo. António alikuwa mukristo, wazazi wake wakristo, ufalme wake ulikuwa na musalaba tangu zaidi ya miaka 150. Alikwenda ku vita na mapadri. Aliuawa, akakatwa kichwa, na kichwa kikapelekwa Luanda kuzikwa kwa heshima ya kidini. Heshima kwa kichwa, kisha kukikata!

Basi Muislamu wa Malindi alikuwa rafiki, mukristo wa Mbwila alikuwa adui. Siku dini na faida ya serikali ziligombana, tunajua nani alishika usukani.

7. Nitajibu nini Jumamosi ijayo?

Kwa yule wa kwanza nitasema: ndugu, haukosei juu ya mwisho, lakini unakosea juu ya njia. Dini haikukuwa nguo tu. Ingekuwa nguo, Afonso angeivua haraka, na Henrique hangekuwa na furaha ile mu uwanja wa Lagos. Watu waliamini kweli, na imani yao njo iliwafanya wasione walichokuwa wanafanya. Kusema "walidanganya" ni kuwapunguzia kosa, na ni kujidanganya kwamba siye, juu tuna nia nzuri, hatuwezi kufanya vile.

Kwa yule wa pili nitasema: pesa haikuingia nyuma. Ilikuwa ndani ya mashua tangu siku ya kwanza, ndani ya orodha ya Zurara, ndani ya barua ya 1455. Tarehe 30/3/2023 Vatican yenyewe ilitangaza kwamba inakataa ile "mafundisho ya uvumbuzi" iliyojengwa juu ya barua zile za karne ya 15. Miaka zaidi ya 560. Karatasi inakufa polepole kuliko watu.

Na kwa baba mudogo? Nilimusomea barua ya 1526 siku ya Pili, jioni, umeme ulikuwa umeenda, nikatumia taa ya simu. Alisikiliza mupaka mwisho. Nilifikiri atakasirika. Aliniambia tu: "Mwana wangu, kumbe yule mufalme njo alikuwa katekista wa wale Wazungu. Aliwauliza somo, wakashindwa." Kisha akaomba nimuandikie jina lake ku karatasi: Mvemba a Nzinga, Afonso. Majina yote mawili.

Mimi sitatupa jina langu la ubatizo. Afonso hakulipata kama zawadi tu, alilishika na kulirudisha kwa wenyewe kama swali. Lakini kuanzia sasa, mutu akija kwetu na mradi, na sala, na bendera, na mukataba wa madini ao wa msitu, vyote ndani ya begi moja, sitapoteza wakati kuuliza kama moyo wake ni safi. Pengine ni safi. Nitauliza: siku hivi vitu vyako vinagombana, utaachilia gani? Na kama mutu huyo ni mimi, kesho nikipata kiti, mutaniuliza vile vile.

Weye unaona aje? Kama ungekuwa mu baraza la Afonso mwaka 1526, ungemushauri afunge bandari, ao aendelee kuandika barua?